Mama hataki kuiacha simu ya mezani: je, ni ukaidi wa uzee?

"Assalaam alaykum, Mhandisi. Mama yangu ana miaka 79, ni mzaliwa wa Unguja, na tangu baba afariki anaishi peke yake huko Leicester, Uingereza. Mwezi uliopita kampuni yake ya simu ilimwandikia barua kwamba laini yake ya zamani itafungwa na simu yake itahamishiwa kwenye intaneti. Amekasirika sana. Nimemnunulia simu ya mkononi mara mbili, na zote mbili zimelala kwenye droo. Anasema simu ya mkononi inamkata maneno, na kwamba ya mezani haihitaji umeme wala chaji. Shingoni anavaa kitufe cha dharura ambacho kinapiga kupitia simu hiyohiyo ya mezani. Jirani yake amemwambia kwamba akikataa hawawezi kumgusa. Kaka yangu anasema tuifute laini, tumpe simu ya mkononi, yaishe. Mimi nipo Birmingham na siwezi kufika kwake kila siku. Je, mama ana hoja, au ni ukaidi wa uzee tu? Na tufanye nini?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kabla sijaeleza jambo lolote, naomba mwambie kaka yako asiifute laini hiyo, hata kama kampuni itampa bei nzuri, mpaka mtakapokuwa mmezungumza na wanaosimamia kitufe cha dharura cha mama. Hilo ndilo la haraka. Mengine yote tunaweza kuyajadili kwa utulivu, na utaona kwamba mama ana hoja nzito kuliko mnavyomdhania, ingawa kuna mahali ambapo anaupa waya wa shaba wa laini yake ya zamani sifa isiyo yake.

Nianze na jirani, maana ushauri wake ni nusu kweli. Kinachofungwa Uingereza ni mtandao wa zamani wa sauti unaopita kwenye waya wa shaba. Simu ya mezani yenyewe haifungwi. Tangu Septemba 2023 laini mpya za aina hiyo haziuzwi tena, na tarehe ya mwisho ya kuuzima mtandao mzima, ambayo awali ilikuwa Desemba 2025, imesogezwa hadi tarehe 31 Januari 2027. Uamuzi huu haukutoka serikalini, kama watu wengi wanavyoamini. Umetoka kwa kampuni za simu zenyewe, kwa sababu mitambo imezeeka, vipuri havitengenezwi tena, na mafundi walioijua wanastaafu mmoja baada ya mwingine. (Nami ni mmoja wao. Nilianza kazi ya waya Dar es Salaam kabla simu za mkononi hazijaingia, na nimeimalizia huku ughaibuni.) Kwa hiyo mama anaweza kuomba asihamishwe kwa haraka, na kwa hali yake ombi hilo lina uzito mkubwa, lakini hawezi kukataa milele. Siku mitambo itakapozimwa, laini yake itanyamaza hata kama hakutia saini popote. Na si Uingereza peke yake: Ufaransa iliacha kuuza laini mpya za namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2018.

Sasa tuingie kwenye madai ya mama. La kwanza ni kwamba simu ya mezani haihitaji umeme. Inauhitaji, ila umeme huo hautoki nyumbani kwake. Kwenye kituo cha mitambo ya simu cha mtaa kuna betri kubwa, safu kwa safu, zinazosukuma mkondo wa takriban volti 50 kwenye jozi ya nyaya inayofika mpaka ukutani kwake. Anapouinua mkonga wa simu, swichi ndogo inaunganisha nyaya mbili hizo, mkondo unaanza kuzunguka, na kituo kinatambua kwamba kuna mtu anataka kupiga. Ndipo anaposikia ule mlio wa kumkaribisha. Mkondo huohuo ndio unaobeba sauti yake. Mtu akimpigia, kituo kinatuma mkondo wenye nguvu zaidi unaoliza kengele. Umeme ukikatika mtaani, betri za kituo zinaendelea, na nyuma yake kuna jenereta. Ndiyo maana usiku wa giza, taa zote zikiwa zimezimika, simu ya mezani ilikuwa bado hai, na mama ameliona hilo kwa macho yake miaka yote.

Hata hivyo, ukienda kwake hebu itazame simu anayoitumia. Ikiwa ni ile isiyo na waya, yenye kitako kilichochomekwa kwenye soketi ya umeme, basi faida hiyo aliipoteza siku alipoinunua, kwa sababu kitako kikikosa umeme mkonga haufanyi kazi. Nimekutana na wazee wengi wanaoitetea laini yao kwa hoja ya umeme huku wakiwa wameshika simu ya aina hiyo. Ikiwa ni ile ya zamani yenye mkonga uliofungwa kwa waya uliojisokota, hoja yake inasimama.

Laini ikihamia kwenye intaneti, mkondo kutoka kituoni unakatwa. Simu itachomekwa nyuma ya ruta, yaani kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani, na ruta itachomekwa kwenye umeme wa nyumba. Umeme ukikatika, ruta inazima, na simu inakufa papo hapo. Hili ndilo jambo moja ambalo kwa hakika mama atalipoteza, na haifai mtu yeyote amwambie kwamba hakuna kitakachobadilika. Mwezi Novemba 2021 dhoruba iliyopewa jina la Arwen ilikata umeme kwa nyumba karibu milioni moja kaskazini mwa England na Scotland, nyingine kwa zaidi ya wiki, na waliokuwa na simu za intaneti tu walijikuta kimya. Machi 2022 BT, kampuni kubwa ya simu ya Uingereza, ilisimamisha kwa muda kazi ya kuwahamisha wateja wake ikatafute njia bora zaidi.

Kaka yako atajibu kwamba ndiyo maana simu ya mkononi ni bora, kwa kuwa ina betri yake. Ni kweli simu ina betri. Lakini mnara je? Mnara wa simu nao unakula umeme wa mtaa, na mingi kati ya minara ya Uingereza haina akiba ya umeme ya kudumu muda mrefu. Katika dhoruba ile minara nayo ilizimika. Simu iliyojaa chaji mkononi mwa mtu asiye na mnara haimsaidii kumwita yeyote. Leicester ni mji mkubwa, umeme haukatiki mara kwa mara na ukikatika hurudi baada ya muda si mrefu, kwa hiyo sikutishi. Nasema tu kwamba simu ya mkononi nayo inategemea umeme wa mtu mwingine, kama ilivyokuwa ile ya mezani, ila huyu mwingine hakujiandaa vizuri kama yule wa zamani.

Dai la pili, kwamba simu ya mkononi inamkata maneno, mimi nalikubali moja kwa moja, na ningependa mlisikilize bila kucheka. Simu ya mkononi haipeleki sauti mfululizo. Inaikata vipande vya sehemu 20 za elfu za sekunde, inakibana kila kipande ili kichukue nafasi ndogo hewani, inakirusha kwenye mnara, na upande wa pili vipande vinafunguliwa na kuungwa upya. Kila hatua inakula muda. Wataalamu wa mawasiliano wa kimataifa hupendekeza kwamba ucheleweshaji wa kwenda upande mmoja usizidi sehemu 150 za elfu za sekunde, na simu ya mkononi kwa mkononi hukaribia au kuvuka mpaka huo bila taabu. Watu wawili wakichelewa kusikiana kiasi hicho, kila mmoja anadhani mwenzake amemaliza kusema, wote wanaanza kwa pamoja, kisha wote wananyamaza. Juu ya hapo kuna programu ya kuzuia mwangwi na makelele, ambayo watu wawili wanaposema kwa wakati mmoja inaweza kumnyamazisha mmoja. Sasa fikiria mazungumzo ya wanawake wawili wa Unguja, ambamo "ehe", "naam", "wallahi" na "hebu" hutiwa katikati ya maneno ya mwenzio kama tui kwenye mchuzi. Simu ya mkononi inavimeza viitikio hivyo vyote. Mama anahisi hasikilizwi, na hajui ni kwa nini.

Kuna jambo jingine dogo ambalo vijana hawalijui. Simu ya mezani ilitengenezwa makusudi ili msemaji aisikie kidogo sauti yake mwenyewe sikioni, na hilo ndilo linalomwambia kwamba laini iko hai na kwamba hana haja ya kupiga kelele. Simu nyingi za mkononi hulifanya hilo kwa kiasi kidogo mno, ndiyo sababu tunawasikia wazee wetu wakipaza sauti kama wanaongea na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Na kama mama anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, muulize fundi wake kama kina koili ya simu. Vifaa vingi vinayo, na kazi yake ni kuinasa sauti moja kwa moja kutoka kwenye kipaza sauti cha mkonga bila kuchukua makelele ya chumba. Mkonga wa mezani unashika vizuri mahali pake sikioni. Kigae bapa cha kioo kinateleza huku na huku.

Hata hivyo, mazuri hayo yote hayatoki kwenye waya wa shaba, na hapa ndipo mama anapokosea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 vituo vyote vya simu vya Uingereza vilikuwa vimeshageuzwa kuwa vya kidijitali. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kwenye shaba mpaka kituoni tu, na kutoka hapo ilisafiri kama tarakimu, biti 64,000 kwa kila sekunde. Simu ya mkononi ya kizazi cha pili iliibana sauti hiyohiyo mpaka takriban biti 12,000 au 13,000, na tofauti hiyo ndiyo inayosikika. Simu ya mezani inayopita kwenye intaneti hutumia kiwango kilekile cha zamani, au kingine cha kisasa kinachobeba sauti pana zaidi. Mtandao wa zamani ulibeba mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Huo mpya unaweza kufika 7,000, ambapo herufi kama "s" na "f" hutofautiana vizuri zaidi. Ucheleweshaji unaongezeka kidogo, lakini ikiwa intaneti yake ni nzuri hautafika kule kwenye simu ya mkononi. Kwa hiyo mkonga, pahali pake mezani, sauti, na namba anayoijua kwa moyo tangu ulipokuwa mwanafunzi, vyote vinaweza kubaki.

Niongeze neno kuhusu simu anazopiga kwa ndugu zake Unguja. Huko sehemu kubwa ya watu hawakuacha simu ya mezani kwa sababu hawakuwahi kuipata. Kuomba laini kulikuwa ni kusubiri kwa miaka, waya haukufika vijijini, na palipofika shaba iliibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Simu za mkononi zilipoingia Tanzania mwaka 1994 na kushuka bei baadaye, watu waliruka moja kwa moja. Kwa hiyo dada yake mama anapokea kwa simu ya mkononi, na sehemu ya mkatiko anaousikia mama inatoka upande ule. Hata abaki na shaba yake mpaka Januari 2027, hilo halitapona.

Sasa tuje kwenye kitufe cha dharura, ambacho ndicho kilichonifanya nikujibu kwa urefu huu. Kitufe chenyewe ni redio ndogo inayozungumza na kisanduku kilicho karibu na simu. Mama akikibonyeza, kisanduku kinapiga namba ya kituo cha huduma na kujitambulisha kwa milio maalumu, kisha mhudumu anazungumza naye. Milio hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mtandao wa shaba. Ikipitishwa kwenye intaneti, ambapo sauti hukatwa vipande na kipande kimoja kimoja huweza kuchelewa au kupotea, inaweza kufika imeharibika, na kituo kisitambue nani anaomba msaada. Kisanduku hicho huwa na betri yake ya akiba, na familia nyingi hutulia kwa kuliona hilo. Lakini ikiwa kinapiga kupitia ruta, na ruta imezima, betri hiyo inawasha taa tu. Baada ya matukio ya kusikitisha ya vitufe kushindwa kufanya kazi, Desemba 2023 kampuni kubwa za simu zilitia saini makubaliano na serikali kwamba hazitamhamisha kwa nguvu mteja mwenye kitufe cha dharura kabla ya kuhakikisha kwamba kina njia nyingine inayofanya kazi. Ahadi hiyo ni nzuri, lakini kampuni haiwezi kuitimiza ikiwa haijui kwamba mama ana kitufe. Barua aliyoipata huenda imetumwa na kompyuta isiyo na habari naye.

Kwa hiyo mpigie kwanza mtoa huduma wa kitufe, ambaye huenda ni halmashauri ya mji au kampuni binafsi. Jina na namba viko chini ya kisanduku. Muulize kama kisanduku hicho kinafaa kwa laini ya intaneti, na kama sivyo, omba kile chenye laini yake ya simu ndani, ambacho hakitegemei ruta kabisa. Mimi kwa mama yangu ningechagua hicho cha pili bila kusita. Kisha ipigie kampuni ya simu, mama akiwa pembeni ili atoe idhini ya wewe kuzungumza kwa niaba yake, uwaeleze mambo matatu: umri wake na kwamba anaishi peke yake, kwamba ana kitufe cha dharura, na kwamba hatumii simu ya mkononi. Hilo la tatu usilisahau. Kwa kanuni za Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa Uingereza, mteja anayeitegemea simu ya mezani peke yake anapaswa kupewa bila malipo njia ya kupiga 999, namba ya dharura ya Uingereza, kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika, na kwa kawaida hiyo ni betri ya kuiwezesha ruta. Saa moja ni chache, nakiri. Betri kubwa zaidi zinauzwa, na ningewashauri wewe na kaka yako mchangie moja.

Kama mama hana intaneti na haitaki, si lazima auziwe kifurushi kikubwa. Ulizeni laini ya simu pekee. Namba yake itabaki ileile, ila baada ya kuhama huenda ikambidi aanze na 0116 hata anapompigia jirani wa mtaa wa pili, kwa hiyo mwandikieni upya kile kikaratasi cha namba kilichobandikwa ukutani. Na kama simu yake ni ile ya kuzungusha kidole, ruta nyingi haziielewi, itabidi itafutwe ya vitufe. Mwandikisheni pia kwa kampuni ya umeme ya eneo lake kwenye orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi, ambayo ni bure.

Kuhusu ile simu ya mkononi iliyo kwenye droo, mimi nisingeitupa. Ina faida moja ambayo ya mezani haina: akipiga 999 akiwa njiani kutoka msikitini, simu janja humtumia mhudumu mahali alipo. Lakini ipangeni iwe na vitufe vikubwa kwenye kioo, mwekeeni namba nne tu, na akiwa nyumbani ikae kwenye chaja palepale penye simu ya mezani, iwe akiba. Msimlazimishe kuigeuza kuwa simu yake ya mazungumzo. Kwa yale niliyoyaeleza juu, hatafaidi chochote.

Tahadhari moja: matapeli wanaujua mpango huu wa kuhama. Wanapiga, wanajitambulisha kama kampuni ya simu au ya kitufe, na kudai namba za kadi ya benki ili "huduma isikatike". Kuhamishwa kwenyewe hakulipiwi. Mwambieni mama kwamba mtu wa namna hiyo akipiga, akate na akupigie wewe.

Siku ya kuhama uwepo, au kaka yako awepo, na hili lisifanyike kwa simu kutoka Birmingham. Ombeni fundi aje nyumbani; kwa mteja wa hali yake hilo ni ombi la kawaida, hasa ikiwa nyaya za ndani zinapita vyumba viwili vitatu. Fundi akimaliza, kabla hajaondoka, mama akibonyeze kitufe na mhudumu ajibu. Kisha zimeni swichi kuu ya umeme ya nyumba, subirini dakika tano, akibonyeze tena, na auinue mkonga asikilize kama mlio upo. Ukikosekana mlio, au mhudumu asipojibu, fundi asitoke nje ya mlango.